Kupachika vito kwenye mikono ya miwani ya chuma: mwongozo kamili kwa aliyechoka kuokota mawe sakafuni

Kila anayeniuliza kuhusu kazi hii huanza vilevile: "Nilibandika vizuri kabisa, lakini yametoka." Nikimuuliza alitumia gundi gani, ananiambia supagluu. Nikimuuliza jiwe lilikaa wapi, ananiambia juu ya mkono wa miwani, pale palipong'aa. Sihitaji kuuliza la tatu.

Jiwe hushikwa na kiti chake. Kiti ni shimo lililochimbwa kwa kipimo cha jiwe lenyewe, likazama humo mpaka sehemu yake pana, ambayo humu nitaiita kiuno. Gundi inakuja mwisho, kujaza nafasi ndogo iliyobaki. Ukipaka gundi juu ya chuma laini kilichopigwa rangi ya dhahabu, umelibandika jiwe kwenye rangi, na rangi ikibanduka jiwe linaondoka nayo.

Nitaeleza kazi moja tu: mawe ya duara ya milimita 1.5, sita kila upande, kwenye mkono mpana wa miwani ya chuma. Ukiimudu hiyo, saizi nyingine utajipigia hesabu mwenyewe.

## Vifaa, kabla hujaigusa miwani

- Drili ndogo ya mkononi ya umeme, yenye swichi ya kupunguza kasi. Drili ya fundi seremala usiilete hapa.
- Kichwa cha drili chenye umbo la mpira, milimita 1.2. Nunua viwili, kimoja kitakuwa butu.
- Kichwa cha kukatia kiti, chenye ncha ya koni na ubavu ulionyooka, milimita 1.5. Maduka ya vifaa vya masonara wanavyo, na baadhi ya wauza vifaa vya madaktari wa meno huwa na vinavyofanana.
- Kalipa inayosoma sehemu ya kumi ya milimita. Bila hii usianze.
- Msumari wa kupigia pointi, uliochongwa ncha kali, na nyundo nyepesi.
- Jiliwa dogo, na vipande viwili vya mbao ngumu vya kubana mkono wa miwani katikati.
- Bisibisi za miwani.
- Lenzi ya kukuzia mara 10, au ile miwani ya kukuza ya mafundi saa.
- Gundi ya epoksi ya mirija miwili, ile inayokauka kwa saa 24. Ya dakika tano iache.
- Spiriti, asetoni kidogo, mswaki wa zamani, vijiti vya meno, pamba.
- Kipande cha nta, mafuta ya cherehani, tepu ya karatasi, penseli yenye ncha nyembamba.
- Miwani ya kukinga macho. Kipande cha chuma kinachoruka kutoka kwenye drili hakikuulizi kama una haraka.
- Sinia kubwa lililotandikwa kitambaa cheupe.

Sinia ni la lazima. Jiwe la milimita 1.5 likidondoka kwenye zulia, limekwenda. Mimi hufanyia kila kitu ndani ya sinia, hata kufungua skrubu.

## Fremu ipi inafaa

Chukua kalipa upime unene wa mkono wa miwani mahali unapotaka kuweka mawe. Usikadirie kwa jicho.

Jiwe la duara lililokatwa kwa kawaida lina kimo cha karibu asilimia 60 ya upana wake. Kwa hiyo jiwe la milimita 1.5 linataka kina cha milimita 0.9. Chini ya shimo bakiza angalau milimita 0.3 za chuma, la sivyo mkono utavunjika hapo siku mtu atakapoukalia. Jumlisha: unahitaji unene wa milimita 1.2. Jiwe la milimita 2 linataka unene wa 1.5, na mikono mingi ya miwani haifiki hapo. Ndiyo sababu nimeichagua 1.5 kuwa saizi ya kuanzia.

Upana nao: jiwe pamoja na milimita moja kila upande, yaani 3.5 au zaidi. Mikono ile myembamba kama waya haifai kwa njia hii. Hiyo huchomelewa vikombe vidogo vya chuma kwa lehemu, na hiyo ni kazi ya sonara mwenye moto.

Sasa aina ya chuma. Shaba nyeupe na moneli, ambazo ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, hutoboka vizuri. Chuma kisichoshika kutu kinatoboka, ila kina kiburi, nitakieleza mbele. Alumini ni laini, lakini hunata kwenye meno ya drili. Paka mafuta ya taa badala ya mafuta ya cherehani. Titani waachie wenye uzoefu: hupata joto upesi, hula vichwa vya drili, na unga wake mwembamba unaweza kushika moto. Ile miwani unayoikunja kama utambi ikarudi yenyewe, usiiguse kabisa.

Na usitoboe mzunguko unaoshika kioo, wala daraja la pua, wala sehemu ya nyuma inayopinda sikioni. Hapo chuma kinapindishwa kila mara fundi anapoirekebisha miwani, na kiti kikipinda jiwe linaruka.

## Mawe yapi

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wasomaji wa Arusha wananiambia wana tanzanaiti za Mererani na wanataka zikae kwenye miwani ya mama. Naelewa. Lakini tanzanaiti ikiwa ndogo hivi rangi yake hufifia, unabaki na kitu cheupe-cheupe chenye kivuli cha buluu. Zaidi ya hapo, ugumu wake ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kinachoanzia 1 hadi 10, na ina upande mmoja ambao hupasuka kirahisi ikigongwa. Mkono wa miwani unagongwa kila siku: mezani, kwenye mkoba, kwenye kioo cha gari. Ukiipenda sana iweke kwa gundi tu, usithubutu kuifinya kwa chuma, njia nitakayoieleza baada ya hatua ya 8.

Rangi inayobaki na nguvu hata kwenye jiwe dogo ni ya tsavoraiti, ile gaaneti ya kijani inayopatikana Simanjiro na upande wa pili wa mpaka, Taita Taveta. Spineli za waridi za Mahenge nazo zinapendeza mno, na ugumu wake ni 8. Yakuti, iwe nyekundu ya Winza au ya rangi mchanganyiko ya Umba, ina ugumu wa 9, na hiyo ndiyo inayovumilia kila kitu.

Zumaridi nyingi hutiwa mafuta ili nyufa zisionekane, na asetoni huyatoa mafuta hayo. Jiwe lililoonekana safi dukani litakuonyesha nyufa zake zote mezani kwako. Feruzi na lulu hunywa gundi na kubadilika rangi. Ziache.

Je, vioo vilivyokatwa kama vito? Vioo vilivyokatwa vizuri, vyenye ncha nyuma na mgongo uliopakwa rangi ya fedha, havina aibu yoyote. Tena kwenye shimo lililozibwa nyuma, ambako mwanga hauingii kutoka chini, kioo chenye mgongo wa fedha mara nyingi humeta kuliko jiwe la kweli. Mazoezi yako ya kwanza yafanye kwa vioo. Angalizo ni moja: usivichovye kwenye asetoni, mgongo utaondoka.

Nunua mawe mawili au matatu ya ziada, dai risiti, na ukifika nyumbani pima kila jiwe kwa kalipa. Mawe yaliyokatwa kwa mkono yakiitwa ya 1.5, ndani yake utakuta ya 1.4 na ya 1.6. La 1.6 halitaingia, na la 1.4 litacheza. Yapange kwenye tepu yenye gundi, makubwa upande mmoja, madogo upande mwingine, uchague 12 yanayolingana.

## Hatua ya 1: Tenga mikono na vioo

Fungua skrubu ya bawaba, utoe mkono mzima wa miwani. Hivyo vioo vinabaki mbali na drili, na mbali na asetoni ambayo huharibu plastiki ya lenzi na utando wake wa kuzuia mng'ao.

Kama bawaba ina springi ndani, usiifungue. Ukiifungua, springi hurudi ndani na kuipanga tena kunachosha. Hapo acha mkono ulipo, utoe vioo kwa kulegeza skrubu za mzunguko. Andika "kulia" na "kushoto" kwenye kipande cha tepu juu ya kila kioo. Vioo vya daktari vina mwelekeo wake. Vikibadilishana, mwenye miwani atapata kizunguzungu na atakulaumu wewe, kwa haki.

Toa pia kifuniko cha plastiki cha sikioni kama kinatoka kirahisi. Kisipotoka, kiache.

Umefanikiwa ukiona: una mikono miwili mitupu kwenye sinia, skrubu ziko kwenye kifuniko cha soda, na vioo vimefungwa kwenye kitambaa laini mbali na meza.

## Hatua ya 2: Pima na chora

Bandika tepu ya karatasi juu ya uso wa nje wa mkono. Chora mstari wa katikati. Kutoka kwenye bawaba hesabu milimita 8 kabla ya kuweka nukta ya kwanza, kwa sababu karibu na bawaba chuma huvutwa kila mara miwani inapofunguliwa.

Nukta zinazofuata ziache milimita 2.5 kutoka kitovu hadi kitovu. Kati ya jiwe na jiwe itabaki milimita moja ya chuma. Najua kwenye picha za mtandaoni mawe yanagusana. Yale yamepangwa na mashine. Kwa mkono, ukuta mwembamba kati ya mashimo mawili hubomoka, na mashimo mawili huwa bwawa moja.

Kisha simama. Shika mikono yote miwili kama inavyokaa usoni, uhakikishe nukta ziko nje pande zote mbili. Usinicheke: nimewahi kuona miwani iliyopachikwa mawe nje upande wa kulia na ndani upande wa kushoto, yakimkwaruza mwenyewe kwenye panja.

## Hatua ya 3: Piga pointi

Weka mkono wa miwani juu ya mbao ngumu, mgongo wake ukigusa mbao mahali unapopiga. Ukipiga hewani, mkono unapinda. Weka ncha ya msumari juu ya nukta na gonga mara moja, kidogo tu.

Unachotaka ni kidimbwi kidogo cha kuzuia drili isiteleze. Drili ikiteleza juu ya rangi ya dhahabu inaacha mkwaruzo mrefu ambao hakuna jiwe litakalouficha.

## Hatua ya 4: Chimba kiti

Kazi yote iko hapa. Tenga saa mbili, na usiianze jioni.

Bana mkono wa miwani kwenye jiliwa katikati ya zile mbao mbili, kwa nguvu ya kuutuliza tu. Weka tone la mafuta ya cherehani juu ya kila kidimbwi. Funga kichwa cha mpira cha milimita 1.2. Washa kasi ndogo. Simamisha drili wima kabisa, egemeza vidole viwili kwenye mbao ili mkono wako usitetemeke, kisha shuka.

Kwa shaba nyeupe na moneli, gusa, inua, gusa, inua, ukiongeza mafuta. Kwa chuma kisichoshika kutu fanya kinyume: ukishagusa, kandamiza sawasawa na usisitesite, maana kichwa kikisugua bila kukata, chuma kinajigandisha kwa ugumu na huko chini hutapenya tena. Ndicho kiburi nilichokitaja.

Tazama kinachotoka. Nyuzi ndogo zinazong'aa, kama vipande vya nywele za dhahabu, maana yake unakata. Vumbi jeusi na mlio mwembamba wa kulia maana yake kichwa kimekuwa butu. Kibadilishe sasa hivi, usimalizie "hili moja tu". Kwenye kazi yangu ya kwanza ya kulipwa nilisema hivyohivyo. Kichwa kilikuwa butu, nikaongeza nguvu, chuma kikaachia ghafla, na ncha ikatokea ng'ambo ya mkono wa miwani ya mteja. Nilinunua miwani mpya kwa fedha yangu.

Kwa kichwa hiki shuka kama milimita 0.8. Utajuaje? Kichwa cha mpira wa 1.2 kikizama mpaka nusu yake, umeshuka 0.6. Ongeza kidogo mpaka sehemu pana ya mpira ipotee chini ya uso wa chuma, halafu acha.

Maliza mashimo yote sita kwanza, kisha ubadili kichwa. Ukibadilibadili kila shimo, vina havitalingana.

Sasa funga kichwa cha kukatia kiti, milimita 1.5. Ingia pole zaidi. Koni yake itapanua shimo lifuate umbo la tumbo la jiwe, yaani sehemu iliyo chini ya kiuno, na ubavu wake utachonga ukuta ulionyooka. Simama pale mwanzo wa ule ubavu ulionyooka unapokuwa chini ya uso kwa milimita 0.2 hivi. Hapo kiuno cha jiwe kitakaa ndani, na uso wa jiwe utalingana na chuma.

Umefanikiwa ukiona: kwenye lenzi, kila shimo ni duara kamili lenye ukingo mkali, na ndani kuna ngazi moja ndogo inayozunguka. Mgongo wa mkono wa miwani haujavimba. Ukiona kivimbe kwa nyuma, umebakiza chuma kidogo mno. Shimo hilo liweke jiwe lenye tumbo fupi au kioo bapa, na usichimbe zaidi.

## Hatua ya 5: Jaribu jiwe likiwa kavu

Chukua kijiti cha meno, bonyeza tembe ya nta kwenye ncha yake, gusa uso wa jiwe. Litanata. Lipeleke kwenye kiti chake uliachie.

Inamisha kichwa mpaka jicho lako liwe usawa wa chuma, dirisha likiwa mbele yako. Uso wa jiwe unatakiwa ulingane na chuma au uwe chini yake kwa unene wa unywele. Likichomoza, rudi na kichwa cha kukatia kiti kwa mzunguko mmoja au miwili, si zaidi. Likilala upande, kuna kipande cha chuma kimebaki kwenye ngazi. Kitoe kwa ncha ya sindano.

Likizama sana? Hakuna namna ya kurudisha chuma. Tafuta kwenye mawe ya ziada lililo pana kidogo, na kama hakuna, weka tone dogo la epoksi chini, liache likauke kabisa, kisha ujaribu tena. Ni kiraka, lakini kinashika.

Kila jiwe likishapata kiti chake, usilichanganye na mengine. Chora miduara sita kwenye tepu na uyapange kwa mfuatano uleule.

## Hatua ya 6: Safisha kama unayepika

Mafuta ya drili ndiyo adui wa gundi. Osha mikono ya miwani kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua mashimo kwa mswaki, suuza, kausha. Kisha zungusha kipande cha pamba kwenye kijiti cha meno, chovya kwenye asetoni, uzungushe ndani ya kila shimo mpaka pamba itoke nyeupe. Asetoni isiguse plastiki ya sikioni.

Mawe ya kweli yafute kwa spiriti. Vioo vyenye mgongo wa fedha vifute upande wa mbele tu.

Kuanzia hapa usiguse mashimo kwa kidole. Kwa wanaoishi Tanga, Mombasa au Unguja, ambako unyevu hauishi, weka mikono ya miwani juani nusu saa kabla ya gundi. Tofauti utaiona.

## Hatua ya 7: Gundi

Kamua urefu sawa kutoka kila mrija juu ya kipande cha bati. Sawa maana yake sawa: mmoja ukizidi, gundi hubaki laini kama ubani uliotafunwa na haikauki hata mwezi ukiisha. Koroga dakika mbili kamili, polepole, usitengeneze mapovu.

Kwa nini si supagluu? Hukauka ikiwa ngumu na dhaifu kama kioo chembamba, kwa hiyo mkono wa miwani ukipinda kidogo inakatika. Pia hutoa moshi unaoacha utando mweupe kuzunguka jiwe. Na gundi ya kukaushwa kwa taa ya kucha je? Mwanga wa taa haupiti kwenye mgongo wa fedha wala haufiki chini ya jiwe lenye rangi nzito. Juu itakauka, chini itabaki uji.

Kwa ncha ya kijiti cha meno weka gundi kwenye kiti, isizidi theluthi ya kina. Shusha jiwe kwa kijiti cha nta. Bonyeza kwa mbao bapa mpaka lilingane na chuma. Gundi kidogo itapanda na kutengeneza mzunguko mwembamba kuzunguka kiuno. Ndicho unachokitaka, maana mzunguko huo unaziba njia ya jasho.

Iliyomwagika nje ifute sasa kwa pamba yenye spiriti kidogo sana, ukifuta kutoka kwenye jiwe kuelekea nje. Spiriti ikizidi itaingia chini na kuilegeza gundi yote.

Weka matatu, kagua kwa lenzi, weka matatu mengine. Ukiweka sita kwa pamoja, la kwanza linaweza kuinama bila wewe kuona.

## Hatua ya 8: Acha, kisha jaribu

Laza mikono ya miwani mawe yakitazama juu, ifunike kwa bakuli kuzuia vumbi, uende zako. Saa 24. Ukiwa na mashaka, jaribu ile gundi iliyobaki kwenye bati kwa ukucha. Ikiacha alama, bado.

Baada ya hapo majaribio ni matatu. Pitisha soksi nyembamba ya nailoni juu ya mawe: isinase popote. Sukuma kila jiwe kwa kijiti cha meno kutoka pembeni: lisicheze. Kisha chovya mkono wa miwani kwenye maji ya sabuni ya uvuguvugu dakika kumi, kausha, uangalie kwa lenzi kama kuna kivuli cha maji chini ya jiwe. Kivuli kikiwepo, hapo gundi haikuzunguka. Toa jiwe hilo urudie.

Rudisha vioo, kaza skrubu, mpe mwenyewe.

## Kama chuma ni laini: kufinya

Kwa fremu ya fedha, dhahabu au shaba unaweza kulishika jiwe bila gundi kabisa. Kiti kinachimbwa vilevile, ila kwa kichwa cha milimita 1.4, kisha unakipanua kwa kugusa-gusa mpaka jiwe liingie kwa kubana, kiuno kikiwa chini ya uso kwa milimita 0.3. Unahitaji ukingo wa chuma wa kulalia jiwe, hivyo unene wa mkono nao uwe 1.3 au zaidi.

Kijiti cha kufinyia ni sindano nene ya magunia iliyofungwa kwenye mpini, ncha yake ikalainishwa kwa msasa mpaka iwe ya mviringo na ing'ae. Egemeza ncha kwenye ukingo wa shimo, si kwenye jiwe, usukume chuma kuelekea ndani. Anza kaskazini, kisha kusini, mashariki, magharibi, ndipo uzunguke kote. Ukianza na kuzunguka moja kwa moja, jiwe litainuka upande wa pili.

Njia hii ni ya yakuti, na ya spineli ukiwa na mkono mwepesi. Tanzanaiti itakupasukia mikononi.

## Ukishampa mwenye miwani

Mwambie mambo mawili, kwa maneno mepesi. Asiiache miwani juu ya dashibodi ya gari juani, kwa kuwa epoksi nyingi hulegea kwenye joto kali. Na akienda kwa fundi wa miwani kurekebishiwa, amwambie asiipashe moto mikono, wala asiitumbukize kwenye ile mashine ya kusafishia kwa mtikisiko.

Kuna mama mmoja, mteja wangu, sikumwambia la pili. Akarudi baada ya wiki tatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, mawe yangu mawili yamekwenda wapi?"

Alikuwa amepita mahali kusafishiwa vioo, bure, na wakamsafishia na mawe.

Pia muulize kama hereni za bei rahisi humwasha. Kama ndiyo, huenda ngozi yake haipatani na nikeli, na kila tundu ulilochimba limeondoa rangi iliyokuwa ikiikinga. Mzunguko ule wa gundi unafunika sehemu kubwa. Ukingo uliobaki upake rangi ya kucha isiyo na rangi kwa ncha ya kijiti, mara mbili. Kwenye shaba nyeupe hiyo huzuia pia ile kutu ya kijani inayoletwa na jasho.

## Kubadilisha jiwe moja

Likipasuka moja, usilichokoe kwa sindano, utaharibu ukingo wa kiti. Toa mkono wa miwani kwenye fremu. Pasha ncha ya pasi ya kulehemu, iguse mgongo wa mkono, nyuma ya jiwe husika, sekunde chache kwa wakati. Funika mawe ya jirani kwa pamba yenye maji ili joto lisiyafikie. Gundi ikilegea, pindua mkono juu ya sinia ugonge taratibu.

Jiwe litadondoka lenyewe. Safisha kiti kwa kichwa cha mpira ukikizungusha kwa vidole, bila umeme, mpaka uone chuma kinang'aa tena, kisha rudi hatua ya 5.